Hesabu siku kabla ya kuhesabu vidonge: kumuuguza mgonjwa wa korona nyumbani Lamu

Jioni moja ya mwaka 2021 kijana aliingia duka la dawa ninakouza, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binamu yake alikuwa amemtumia orodha kwa simu, naye akainakili kwa kalamu: azithromycin, ivermectin, zinki, vitamini C, dexa. Nikamuuliza ni za nani.

"Za babu."

"Anaumwa tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Anahema vizuri?"

"Anahema vizuri, ila homa, na mwili wote wamuuma."

Nikamtilia zote tano kwenye mfuko wa khaki, nikapokea pesa, akaenda zake.

Babu yule alipona korona, kama wanavyopona wagonjwa wengi. Kilichomlaza hospitali wiki iliyofuata ni sukari, iliyopandishwa na dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Katika dawa zile tano, nne hazikuwa na la kuwafanya virusi wale. Ya tano imeokoa roho nyingi za wagonjwa wa korona duniani, lakini siku ile haikuwa siku yake, na mimi niliyesimama nyuma ya kaunta sikumuuliza kijana swali la nne: babu ana sukari?

Ndiyo maana nikaandika mwongozo huu. Watu wa Amu, yaani Lamu, bado huniuliza "dawa ya korona ni ipi?" Swali hilo halijakamilika. Uliza hivi: dawa ya korona ya siku ya ngapi, na ya mgonjwa wa namna gani? Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi vyenyewe havikusoma tangazo. Vinakuja na kuondoka, na kila vikija vinawatafuta wazee wetu wenye sukari na moyo.

Dawa zinazohitaji cheti cha daktari nimezitaja ili ujue la kumuuliza daktari. Usije kuninunulia chini ya meza.

1. Andika tarehe ukutani

Chukua karatasi uibandike karibu na kitanda. Juu yake andika tarehe dalili zilipoanza. Siku ya kwanza ni siku koo lilipoanza kuwasha, mafua yalipoingia au viungo vilipoanza kuuma. Siku ya kupimwa haihesabiwi, wala siku mtu aliposhindwa kuinuka. Wagonjwa wetu, hasa kina mama, huhesabu kuanzia walipozidiwa. Utaambiwa "jana." Dadisi kidogo, utasikia kwamba tangu Ijumaa hakula vizuri, na harusini alikaa pembeni kwa sababu ya kichwa. Basi siku ya kwanza ni Ijumaa.

Siku hizo zilizofichika zinabadilisha matibabu yote, kwa sababu korona ina vipindi viwili. Siku kama tano za mwanzo ni za virusi: vinazaana puani, kooni na mapafuni. Dawa ya kupambana na virusi ina kazi hapo. Mwishoni mwa wiki ya kwanza virusi huanza kupungua na wengi hupata nafuu. Kwa wachache, kinga ya mwili yenyewe huwaka kupita kiasi na kuyavimbisha mapafu. Kwa hao dawa ya virusi imeshachelewa. Wanahitaji oksijeni na dawa ya kuituliza kinga, ambayo ndiyo dexa. Kumpa mtu dexa siku ya pili ni kuwafunga mikono walinzi huku mwizi yumo ndani ya nyumba.

Chini ya tarehe, chora safu nne: siku, joto, oksijeni, namna anavyohema. Jaza asubuhi na jioni. Daktari ukimpa karatasi hiyo atakushukuru zaidi kuliko ukimpa mfuko wa dawa ulizokwisha kununua.

2. Hakikisha ni korona

Homa ya hapa ina majina mengi. Wenye umri wanaukumbuka mwaka 2004, chikungunya ilipoingia kisiwani. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba kama robo tatu ya watu wa kisiwa cha Lamu waliambukizwa. Jina la ugonjwa ule limetoka Kimakonde na linahusu kujikunja, na waliougua hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kuna denge pia, na malaria, hasa kwa mtu aliyetoka bara.

Kwa hiyo, mwenye homa apimwe malaria hata kama ana kikohozi, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimo cha haraka cha korona, kile cha kijiti cha puani, kikionyesha ndiyo, kiamini. Kikionyesha hapana na dalili zipo, rudia baada ya saa 48. Mapema sana huwa hakioni. Mpaka uhakikishe si denge, usimpe aspirini, Brufen wala Diclofenac kwa homa hiyo, kwani denge huleta kuvuja damu na dawa hizo huzidisha. Aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa kusoma hapa. Amuulize daktari wake.

3. Jua unamuuguza nani

Kijana wa miaka 25 asiye na ugonjwa mwingine hahitaji dawa ya virusi. Anahitaji kupumzika na kuacha kwenda kukaa na wenzake barazani. Wa kuangaliwa kwa jicho kali ni aliyepita miaka 60, mwenye sukari, moyo, figo, saratani au ugonjwa sugu wa mapafu, mnene kupita kiasi, mjamzito, anayetumia dawa za kushusha kinga, anayeishi na virusi vya ukimwi bila kutumia dawa, na ambaye hakuchanjwa kamwe. Mtu akiwa na mawili matatu kati ya hayo, piga simu hospitali siku ile ile kipimo kilipoonyesha ndiyo. Usingoje azidiwe.

4. Siku tano za mwanzo

Homa na maumivu: Panadol ya miligramu 500, vidonge viwili kwa mtu mzima, na baina ya dozi moja na nyingine zipite saa sita. Visizidi vinane kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini apate vichache kuliko hivyo kwa ushauri. Soma na pakiti za dawa za mafua. Nyingi zina paracetamol ndani yake, ambayo ndiyo Panadol yenyewe, kwa hiyo ukichanganya unampa mara mbili bila kujua. Homa ndogo isiyomsumbua si lazima uishushe.

Maji, uji, supu ya samaki, maji ya chumvi ya pakiti akiharisha. Madafu ni mazuri, ila mwenye figo mbovu asipewe mengi. Yana potasiamu nyingi, nayo figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta na homa, mgonjwa ana ruhusa yake ya kula, na mwenye sukari anayeumwa ndiye hasa wa kuitumia.

Kijiko cha asali kwa kikohozi kinafaa, na utafiti unakubaliana na bibi zetu katika hilo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwani asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza misuli hadi ashindwe kuhema. Tangawizi na limau ni kinywaji kizuri. Habasoda endelea nayo kama umeizoea, lakini usiiweke mahali pa dawa ya presha. Kujifukiza ndiko ninakogombana nako. Mvuke haufiki kuua virusi walio ndani ya chembe za mapafu, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka, mbele ya mzee anayetetemeka, imeunguza watu wengi. Ukitaka kufungua pua, maji ya chumvi yanatosha.

Sasa dawa ya virusi yenyewe. Yenye ushahidi mzito kuliko zote za kumeza ni Paxlovid, ambayo ni dawa mbili pamoja: nirmatrelvir na ritonavir. Katika jaribio lililofanywa kwa watu walio hatarini ambao hawakuchanjwa, ilipunguza kulazwa na kufa kwa karibu asilimia 88 ilipoanzwa ndani ya siku tano. Kwa waliochanjwa na wasio na hatari kubwa, jaribio jingine halikuona faida ya wazi. Kwa hiyo ni dawa ya bibi mwenye sukari; mjukuu wake hana haja nayo. Dozi ya kawaida ni vidonge vitatu asubuhi na vitatu usiku kwa siku tano, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Haipatikani kila mahali, ndiyo maana nikasema piga simu siku ile ile. Ukiitafuta siku nne, ikipatikana muda wake umekwisha.

Lakini ritonavir ina tabia moja. Inalizuia ini lisizivunje dawa nyingine, kwa hiyo dawa hizo hujaa mwilini. Kabla ya kidonge cha kwanza, mwaga dawa zote za mgonjwa mezani, na za kienyeji pia, zipigie picha, umpelekee daktari au mfamasia. Za kutazamwa kwa makini ni simvastatin ya mafuta ya damu (huachwa kwa muda), amiodarone ya mapigo ya moyo, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na vidonge vya presha kama amlodipine, ambavyo nguvu yake huzidi. Carbamazepine na phenytoin za kifafa, na rifampicin ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake: huimaliza Paxlovid ikawa kama maji, kwa hiyo haziendi pamoja. Wazee wa kiume wana dawa ya nguvu ambayo hawataitaja mbele ya watoto wao. Waulize faraghani, kwani nayo ni hatari ikikutana na ritonavir.

Remdesivir ya mshipani kwa siku tatu mfululizo, ikianzwa ndani ya wiki ya kwanza, nayo ilipunguza sana kulazwa kwa walio hatarini, ila inataka sindano na mahali pa kumwangalia mgonjwa. Molnupiravir ni dhaifu kuliko hizo mbili: katika jaribio kubwa la Uingereza kwa watu waliochanjwa haikupunguza kulazwa. Mjamzito hapewi, wala mtoto.

5. Kipimo cha kidole, na piko

Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, acha vitamini ununue kipimo cha oksijeni cha kubana kidole. Korona ina hila ya kumwacha mtu anacheka na kusimulia habari za mji huku oksijeni ya damu yake inashuka. Kwa kumtazama tu hutajua.

Namna ya kupima: akae dakika tano, mkono uwe na joto, utulie kifuani au juu ya meza. Bana kidole cha kati au cha shahada. Nambari ya kwanza usiiandike. Ngoja itulie kama dakika moja.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo kijitabu ndani ya boksi hakilisemi. Kipimo hicho hurusha mwanga kupitia kidole. Mwanamke aliyetoka harusini vidole vimekolea piko nyeusi, rangi ya kujipambia kama hina, au kucha zimepakwa rangi, huweza kuusumbua mwanga huo. Niliwahi kuitwa nyumba moja, mashine ikasoma 84 na watu wakaanza kulia. Nikaishika mikono ya mama yule: piko mpya, ncha zote nyeusi kama makaa. Tukajaribu vidole vya miguu, navyo vilikuwa vimepambwa. Mwishowe tukakigeuza kipimo kikabana kidole kwa ubavu, palipokuwa peupe, kikasoma 96. Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni baya zaidi: utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi mashine hizi husoma juu kuliko ukweli mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mtu mweusi aliyesoma 93 huku anahema kwa shida, amini kifua chake kuliko mashine.

Nambari zenyewe: 94 na zaidi, endelea nyumbani. Kati ya 90 na 93, hospitali leo. Chini ya 90 ni dharura. Aliyesoma vizuri akiwa amekaa, mwambie atembee chumbani dakika moja, upime tena. Ikishuka tatu au zaidi, mapafu yanakuambia kitu. Wenye ugonjwa sugu wa mapafu wana nambari zao za kawaida. Wamuulize daktari wao mapema.

6. Siku ya sita hadi ya kumi, na habari ya maji

Hapa ndipo familia hulala usingizi. Homa imepungua, mgonjwa ameomba chai, watu wanashukuru. Siku ya nane anaanza kukata maneno katikati ya sentensi ili avute pumzi. Pima mara tatu kwa siku kipindi hiki, na mtazame akiwa amelala: hesabu anavyohema kwa dakika nzima. Zaidi ya mara 30 kwa mtu mzima, ondoka. Vivyo hivyo midomo ikigeuka rangi, akichanganyikiwa, akiumwa na kifua kwa mgandamizo, au akishindwa kuamka vizuri.

Kuondoka Lamu si kama kuondoka kwingine. Ukiwa mjini, gari haliingii kwenye vichochoro, na mtu mwenye oksijeni ya 88 hutembezwi hata kama anasema anaweza. Hatua mia moja za kupanda kwenda hospitali ya King Fahd zinaweza kumshusha hadi 80. Mketishe kwenye kiti imara, vijana wanne wakishike miguu, yeye akae wima. Usimlaze chali.

Ukiwa kisiwa cha Pate, iwe Siyu, Faza au Kizingitini, saa yako ni maji. Maji yakipwa, mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kwa boti nyingi, na kuzunguka nje ya Manda wakati wa kusi, na mgonjwa ndani, hakuna anayekutakia. Basi uamuzi wa saa nne usiku ufanye saa kumi jioni. Akisoma 93 na maji yanajaa, ondokeni sasa. Usiseme tutaangalia asubuhi, asubuhi huenda bahari imepwa na yeye amefika 87. Piga simu mbele uulize kama oksijeni ipo ya kutosha. Ikibidi apelekwe Malindi au Mombasa, hilo lipangwe na hospitali, kwa chombo chenye oksijeni. Gari la kukodi kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, silo.

7. Hospitalini atapewa nini

Kwanza oksijeni. Hii ndiyo dawa ya korona kali, na hakuna inayoitangulia. Atalazwa kifudifudi baadhi ya saa, kwani mapafu ya nyuma hufunguka. Msimgeuze kwa kumhurumia.

Pili dexa, miligramu 6 kwa siku, isizidi siku kumi. Tunajua kazi yake kutokana na jaribio la Uingereza linaloitwa RECOVERY, lililotangaza matokeo tarehe 16 Juni 2020. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: 2,104 wakapata dexa, 4,321 wakapata matunzo ya kawaida tu. Kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, bila dexa walikufa kama 41 katika kila 100, na kwa dexa 29. Waliokuwa kwenye oksijeni tu, 26 dhidi ya 23. Wasiohitaji oksijeni kabisa, 14 bila dawa na 18 kwa dawa. Tofauti hii ya mwisho haitoshi kuthibitisha kwamba inaua, lakini inatosha kuonyesha kwamba haisaidii. Babu wa mfuko wa khaki alikuwa katika kundi hilo.

Akipewa dexa, sukari ipimwe kila siku hata kama hajawahi kuwa nayo. Jingine: katika nchi zenye mnyoo aina ya strongiloidi, dexa huweza kuuachia usambae mwili mzima, kwa hiyo madaktari huweza kumpa mgonjwa ivermectin kwanza. Ukiiona ivermectin hospitalini ujue inalenga mnyoo, korona haimo.

Tatu, sindano ya heparini ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa korona hugandisha damu miguuni na mapafuni. Kwa wanaozidi kudhoofika kuna baricitinib na tocilizumab, zinazotuliza kinga pamoja na dexa. Ni ghali na si kila hospitali inazo, lakini kuuliza ni haki yako.

8. Dawa zilizopimwa zikashindwa

Wengi wenye korona hupona wenyewe. Kwa sababu hiyo kitu chochote watakachokunywa, hata maji ya mwarobaini au soda, kitaonekana kimewaponya. Njia ya kutoka kwenye mtego huo ni kura. Chukua wagonjwa elfu, wagawanye kwa kubahatisha, kundi moja lipate dawa na jingine lipate kidonge kitupu, kisha uhesabu. Anayesema "mimi niliitumia na nikapona" hasemi uongo, ila hajui angekuwaje bila hiyo.

Hydroxychloroquine, dawa ya ukoo wa klorokwini ya malaria tuliyokua nayo, iliua virusi kwenye vyupa vya maabara. Kwa wagonjwa waliolazwa katika RECOVERY walikufa asilimia 27 waliopewa na 25 wasiopewa. Ilijaribiwa pia kama kinga kwa watu 821 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, na haikuwakinga.

Ivermectin ni dawa nzuri ya upele na minyoo, na ya matende ambayo pwani yetu inayajua. Kwa korona, jaribio la Brazil la watu 1,358 lililochapishwa mwaka 2022 halikuona faida. Utafiti mmoja ulioisifu sana, kutoka Misri, uliondolewa mtandaoni Julai 2021 baada ya takwimu zake kukutwa na kasoro. Ile ya mifugo, ya kudunga ng'ombe, nimeulizwa nayo. Hapana.

Azithromycin na antibayotiki nyingine hupiga bakteria, na korona si bakteria. Zinafaa tu daktari akiona bakteria wameingia juu yake. Vitamini C na zinki kwa dozi kubwa hazikufupisha ugonjwa. Plazma ya damu ya waliopona, kolchisini, aspirini kwa waliolazwa: zote zilipimwa na RECOVERY na hazikupunguza vifo. Kinywaji cha pakanga kilichozinduliwa Madagascar Aprili 2020 na kugawiwa nchi kadhaa za Afrika hakikuja na jaribio la kura lililochapishwa kabla ya kugawiwa, na kwangu hilo linatosha.

9. Nyumba, wageni na hewa

Korona husafiri hewani, katika pumzi. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa ajili ya baridi na staha: vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana hadi ndani kabisa, bila dirisha la nje. Mgonjwa ukimfungia ndani kule, pumzi zake zinamngoja kila aingiaye. Mpandishe juu, chini ya makuti, upepo upite. Au kitanda chake kiwe karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mtu mmoja amhudumie, asiye mzee, na wote wawili wavae barakoa wanapokuwa pamoja. Siku kumi tangu dalili zianze ndizo za kukaa mbali na watu.

Ugumu uko kwa wageni. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na hapa hatumzuru mmoja mmoja. Nimeona wanawake kumi na wawili wamekizunguka kitanda kimoja, wote wanambusu mkono. Sisemi wasije. Baraza ipo mlangoni, imejengwa kwa mawe na haina dari. Wakae hapo, wamsalimie mgonjwa kwa simu ya video au wamwite kutoka kiwandani, chakula walichobeba kipokelewe. Mzee wa nyumba ndiye awaambie. Maneno hayo yakitoka kwa mke wa kijana hugeuka ugomvi wa miaka.

Barakoa ya hospitali, ile ya buluu, inasaidia kiasi. Katika jaribio la vijiji 600 vya Bangladesh, vijiji vilivyopewa barakoa hizo na kuhimizwa vilipata wagonjwa wa korona yenye dalili wachache zaidi kwa asilimia 11, na kwa waliopita miaka 60 asilimia 35. Kwa hiyo siku za Maulidi, mji ukifurika wageni na wengine wanakohoa, mpe barakoa bibi yako kwanza.

10. Chanjo

Kidonge cha kumeza ili usipate korona hakipo. Kilicho karibu zaidi na kinga ni chanjo. Kenya ilipokea shehena ya kwanza tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, na baadaye zikaja Moderna, Pfizer, Johnson & Johnson na Sinopharm. Hazizuii maambukizi kwa muda mrefu, na waliosema hivyo barazani walikuwa na haki. Zinazuia kufa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihesabu vifo milioni 14.4 vilivyoepukwa duniani katika mwaka wa kwanza wa chanjo.

Madhara yapo, na kuyaficha ndiko kulikowafanya watu wasituamini. AstraZeneca na Johnson & Johnson zilisababisha kuganda damu kwa aina adimu sana. Moderna na Pfizer zilivimbisha misuli ya moyo kwa vijana wachache wa kiume. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye sukari, mizani haijakaribia hata kulingana: korona ndiyo nzito. Aliyechanjwa mara mbili mwaka 2021 na sasa amefika umri huo, aulize kituo cha afya kama dozi ya nyongeza ipo. Mjamzito naye aulize kliniki. Kijana mzima aliyekwisha kuchanjwa hana haraka.

11. Kapu la kuweka tayari

Kabla mtu hajaumwa, weka haya pamoja kwenye kapu moja, juu, mbali na watoto: kipimo cha kidole na betri mbili za akiba, kipima joto, Panadol, pakiti za maji ya chumvi, barakoa kumi, vijiti viwili vya kupima, orodha ya dawa anazotumia kila mzee wa nyumba, karatasi na kalamu, ratiba ya maji ya mwezi huu, na nambari za manahodha wawili ambao simu zao hazizimwi usiku.